Umeme Ghali, Daftari Ghali

Kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichoanza uzalishaji mwaka 1974 kando ya mto Nzoia, kilifungwa mwaka 2009 kikielemewa na madeni, yakiwemo ya umeme. Wafanyakazi wakatawanyika, mji ukadorora, hata kikauzwa mwaka 2016.

Utengenezaji wa karatasi hula umeme mwingi: magogo hukatwakatwa, hupikwa yakawa rojo, nalo rojo hukamuliwa na kukaushwa kwa mitambo mikubwa. Bei ya umeme ipandapo, kama ilivyopandishwa Aprili 2023, mwenye kiwanda huongeza bei ya karatasi au hupunguza wafanyakazi. Mzigo humwangukia mzazi anunuaye daftari.

Ndugu zetu, hayo si majaliwa ya Mungu. Baadhi ya mikataba ya kununua umeme huilazimu nchi kulipia hata umeme usiotumika. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Basi tudai mikataba hiyo iwekwe wazi, na bei zijadiliwe hadharani kabla ya kupandishwa. Sisi ndio tulipao. Ni haki yetu kujua tunalipia nini.