Umepata 14 juu ya 27, halafu?

Wasee, wiki hii nimeona skrinshoti tatu za watu wakitangaza alama zao. "Nimepata 14, sasa imethibitishwa niko na depresheni." Watu wanaweka moyo, wanaandika pole, mchezo unaendelea. Mimi pia niliwahi kuweka hayo maswali hapa kama kwizi na nikavuna watazamaji, kwa hivyo haya makofi yananianzia mimi.

Hiyo fomu ni PHQ-9. Maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja unajipea 0 hadi 3. Ilichapishwa 2001 na kina Robert Spitzer kule Marekani, kwa pesa za Pfizer, kampuni ya dawa. (Eeh, fikiria hapo kidogo.) Dadake wa kupima wasiwasi, GAD-7, alikuja 2006. Ukifika 10, mtaalamu anafaa akae na wewe akuulize vizuri. Namba inakuambia ongea na mtu, basi. Haikuambii una nini.

Juu ona vile inaweza kupotea. Inauliza usingizi: soja wa usiku atajibu nini? Mama wa mtoto wa miezi miwili je? Inauliza hamu ya kula. Manze, hamu iko, unga ndio hakuna. Halafu kuna yule mjomba wako amevunjika kabisa ndani, lakini ukimuuliza ni "niko sawa, Mungu ni mwema", sifuri kila mahali, anaenda nyumbani.

Kule Zimbabwe walianza na maneno ya watu wenyewe. Washona husema kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na watafiti wakatunga maswali 14 ya Kishona. Leo yanatumika Friendship Bench, ambako nyanya aliyefunzwa anakuuliza, halafu anabaki hapo kwa benchi mzungumze shida yako. Sisi pia tuna maneno. Mawazo mengi. Roho imechoka. Kichwa kimejaa. Lakini tunapiga fotokopi ya Kiingereza na kugawa.

Nikiwa kidato cha tatu tuligawiwa karatasi kama hiyo darasani. Jina juu, na anayekusanya ni naibu wa mwalimu mkuu, yule yule wa viboko. Swali la tisa linauliza kama umewaza afadhali ufe ama ujiumize. Wakati huo kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Mahakama Kuu ilikuja kukitupa kifungu cha 226 Januari 2025. Dawati mwenzangu aliweka 3. Akainua macho, akaona nani anakuja, akachukua raba akafuta, akaweka 0. Niliona. Nikanyamaza.

Sasa kuna mtu ataniambia bora kupima kuliko kutopima. Sawa, lakini nani alikuwa amejipanga kusikia hiyo 3? Hakukuwa na mshauri, hakukuwa na chumba, hata hizo karatasi hatukuambiwa zilienda wapi. Ukiuliza mtu swali la tisa na huna mpango wa jibu, umemfungua kidonda ukaenda lunch.

Kwizi yangu nimeitoa. Kama uliijaza na kwa la tisa hukuweka sifuri, usiniandikie mimi, sijasomea hii kazi. Piga 1199 ya Red Cross, ni bure. Na wewe dawati mwenzangu, najua huwa unasoma hizi post. Jioni nitakupigia.