Foleni ya kura ihesabiwe kabla kipindupindu hakijabisha hodi

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Msemo huu unawafaa sana wanaopanga uchaguzi katika sehemu kame kama Nakalale na vijiji vingine vilivyotapakaa katika Kaunti ya Turkana, kuanzia Lodwar hadi Kakuma. Kwa mujibu wa Katiba, Wakenya watapiga kura tena Jumanne, Agosti 10, 2027. Wengi wanauliza ni nani atashinda. Sisi wa ukurasa huu wa afya tuna swali jingine: je, siku hiyo ikitukuta na kipindupindu, mpiga kura atarudi nyumbani akiwa mzima?

Swali hili si la kubuni. Mwaka wa 2017 tulipiga kura mara mbili, Agosti 8 na tena Oktoba 26, huku kipindupindu kikiitesa nchi. Turkana na kambi ya wakimbizi ya Kakuma zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoguswa. Kufikia mwisho wa Novemba mwaka huo wagonjwa nchini walikuwa wamekaribia 4,000, na zaidi ya 70 walikuwa wamefariki. Mwaka wa 2022 uchaguzi ulifanyika Agosti 9, na ilipofika Oktoba serikali ikatangaza mkurupuko mwingine. Tuliponea chupuchupu, na bahati si mpango.

Mpango ninaoupigia debe hapa ni kuiga siku ya kura kwa kompyuta kabla siku yenyewe haijafika. Msomaji asitishwe na maneno hayo. Wazee wanaokaa chini ya mgunga wakicheza mchezo wa vijiwe na vishimo hufanya jambo hilo hilo: kabla ya kusogeza kijiwe, mzee huwaza mwenzake atajibu vipi, na baada ya hapo itakuwaje. Kompyuta huelezwa watu ni wangapi, wanafika saa ngapi, kila mmoja anachukua muda gani mezani, na vyumba ni vingapi. Kisha huicheza siku hiyo mara elfu moja, na kuonyesha foleni itavimba wapi na saa ngapi.

Tuchukue mfano mdogo ambao hata mtoto wa shule anaweza kuukokotoa. Vituo vyetu hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni. Huku kwetu watu hudamka ili kuliepuka jua. Tuseme watu 300 wanafika kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, na kila mmoja anachukua dakika moja kwenye mashine ya kutambua alama za vidole. Ikifika saa 2, watu 120 watakuwa wamehudumiwa na 180 wangali nje. Wa mwisho wao atasubiri saa 3 zaidi.

Sasa mlipuko wa ugonjwa umeingia na tumeamua kila mtu anawe mikono pale mezani na mashine ipanguswe. Tuongeze nusu dakika tu kwa kila mtu. Ifikapo saa 2, waliohudumiwa ni 80, na waliobaki ni 220. Yule wa mwisho atasubiri saa 5 na nusu, hadi saa 7 na nusu mchana, na bado hatujawahesabu waliofika baada yake. Ajabu ni hiyo: sharti lililowekwa kulinda afya limemwacha mama mjamzito juani karibu siku nzima. Lakini tukiongeza meza ya pili na mashine ya pili, yule wa mwisho atasubiri saa 1 na dakika 45 tu. Hesabu kama hii hugharimu karatasi na kalamu. Kompyuta inahitajika kwa kuwa watu hawafiki kwa mpangilio, mashine hukwama, na vidole vilivyochakaa kwa kuchimba maji na kuchoma makaa husomwa kwa shida.

Kuna jambo ambalo wataalamu wa mijini wanaweza kulisahau, nalo ni kwamba kila ugonjwa una foleni yake. Korona husafiri kwa pumzi, kwa hiyo hatari yake iko ndani ya darasa dogo lisilo na hewa. Ebola hupita kwa kugusana na majimaji ya mgonjwa, hivyo hofu huwa kwenye mikono na vyombo. Kipindupindu huingia kwa kinywa, kupitia maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Mtu anaweza kukibeba na kukisambaza bila kuonyesha dalili yoyote. Kwa hiyo kumpima joto mlangoni hakusaidii kitu, na hata kusimama mita moja moja hakutoshi. Linalotakiwa kuhesabiwa ni hili: katika saa 5 za jua la Turkana, watu 220 watakunywa nini na watajisaidia wapi?

Mwaka wa 2022 nilipanga foleni katika shule moja ya msingi ambayo sitaitaja. Ilipofika saa 4, mtungi wa plastiki ulikuwa ukipita mkono kwa mkono na kikombe kimoja kikizunguka vinywa vyote. Maji yale yalitoka katika kisima kilichochimbwa kwenye mchanga wa laga. Choo kilikuwa kimoja, kimefungwa kwa kufuli, na aliyekuwa na ufunguo hakuonekana. Watu walielekea vichakani. Siku ile hakukuwa na kipindupindu kijijini, Mungu alitusitiri. Kingekuwepo, foleni ile ingekigawa bure kama karatasi za kura.

Wapo watakaosema, basi ugonjwa ukizuka kura iahirishwe. Mara nyingine ni sawa. Machi 2020 Tume ya Uchaguzi, IEBC, ilisimamisha shughuli zake kwa sababu ya korona, na uchaguzi mdogo wa Msambweni ukafanyika Desemba 15 mwaka huo. Lakini tuangalie yaliyowapata jirani zetu wa Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo. Desemba 2018, siku chache kabla ya uchaguzi wa rais, tume ya huko ilitangaza kwamba sehemu hizo zitasubiri hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama. Rais mpya aliapishwa Januari bila kura zao. Wananchi wenye hasira waliandamana na kukivamia kituo cha kuhudumia washukiwa wa Ebola mjini Beni. Na Desemba 30 wakazi wa Beni walijifanyia uchaguzi wao wa mfano, wakinawa mikono na kupanga foleni. Funzo ni kwamba kumnyima mtu kura kwa jina la afya humfanya aichukie hata afya yenyewe.

Kupunguza vituo nako si dawa. Aprili 7, 2020, jiji la Milwaukee huko Marekani lilifungua vituo 5 badala ya 180, kwa kukosa wasimamizi, na watu wakasimama kwa saa nyingi katikati ya korona. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Laura Albert na Adam Schmidt, waliiga vituo vya jiji hilo kwa kompyuta ili kujua namna ya kuvipanga vyema. Kama jiji tajiri linaweza kuumia kwa kukosa hesabu, sembuse Nakalale?

Hata hivyo, kompyuta haina macho. Ukiilisha pumba, itakutolea pumba. Haijui kwamba mwezi wa Agosti mifugo inaweza kuwa imehamishwa mbali, na wachungaji wakafika kwa pamoja alasiri. Haijui kwamba kisima cha jirani kina chumvi. Hayo yanajulikana na chifu, wazee, kina mama wachota maji na wahudumu wa afya ya jamii. Nao wahudumu wa zahanati za kambini Kakuma hutambua kipindupindu mapema, kwa kuwa wakimbizi, ijapokuwa hawapigi kura, wananunua na kuuza katika soko moja nasi.

Kwa hiyo ombi langu kwa IEBC na idara ya afya ya kaunti ni dogo. Kaeni meza moja mapema. Tumeni watu wahesabu muda halisi mezani, wapime umbali wa maji na wahesabu vyoo vya kila kituo. Igeni siku hiyo kwa kompyuta, mara moja bila ugonjwa na mara nyingine pamoja na kipindupindu. Kisha mashine za ziada, matangi ya maji yenye dawa, sabuni na vyoo vipelekwe pale hesabu inapoonyesha foleni itarefuka. Matokeo yabandikwe ukutani kwa chifu ili kila mtu ayaone.

Nawe msomaji, siku hiyo ikifika, beba maji yako yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na kikombe chako mwenyewe. Ukiharisha maji maji, kimbilia zahanati, na ukiwa njiani kunywa maji ya chumvi na sukari ya pakiti. Kura ni haki yako, na uhai ni haki yako pia. Asiwepo wa kukulazimisha kuchagua moja.