Tuwaachie Samaki wa Uluguru Kivuli Chao

Maji ya Mto Ruvu tunayoyakinga bombani Dar es Salaam huanza safari yake juu milimani Uluguru, katika vijito vyembamba vinavyopita chini ya miti. Hilo wengi tunalijua. Lakini vijito hivyo vina wenyeji wake. Umewahi kuwaona?

Siku moja ingia kwenye kijito cha msituni, uinue jiwe taratibu. Chini yake utakuta vijidudu vya maji vimejishikiza, vingine vimejijengea vijumba vya chembechembe za mchanga. Ukibahatika utamwona na samaki mdogo wa jamii ya kambare, mwembamba, tumbo bapa, mapezi mapana ameyatandaza juu ya jiwe ili mkondo usimchukue. Wataalamu humwita Amphilius. Chakula chake ni vile vijidudu, na maskani yake ni nafasi iliyopo kati ya jiwe na jiwe. Ukishamtazama, lirudishe jiwe lake polepole.

Sasa, mti wa ukingoni unamhusu nini samaki huyu? Unamhusu sana. Majani yanayodondoka ndiyo yanayovilisha vijidudu vingi vya kijitoni. Mizizi huushika ukingo usimomonyoke. Kivuli nacho huyapoza maji, na maji baridi hubeba oksijeni nyingi zaidi. Kwenye usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzijoto 15 hubeba takriban miligramu 10 za oksijeni. Yakifika nyuzi 25 hubeba kama 8 tu. Kwa samaki aliyezoea maji ya baridi yanayokwenda kasi, upungufu huo si mdogo.

Na mti ukianguka mtoni tufanyeje? Mikono hutuwasha tuutoe, maji yapite. Magharibi mwa Marekani, kati ya miaka ya 1950 na 1970, magogo mengi yaliondolewa mitoni kwa nia njema kabisa, ikidhaniwa kwamba yanawazuia samaki aina ya samoni kupanda kwenda kutaga. Baadaye ikaonekana kwamba magogo ndiyo yaliyokuwa yakitengeneza vidimbwi vya samaki kupumzikia na kujificha. Leo magogo yanarudishwa mtoni kwa mashine na kwa fedha nyingi. Sisi tunaweza kujifunza bila kuingia gharama hiyo. Gogo lisiloziba banio wala daraja, liacheni lilale.

Kingine kinachowaumiza samaki wetu ni tope. Mvua ikishuka kwenye shamba lililo wazi, udongo huteremka hadi kijitoni na kujaza zile nafasi za kati ya mawe. Mayai hukosa hewa, vijidudu hukosa pa kushika. Mkulima naye amepoteza rutuba aliyoihangaikia. Kwa hiyo ukichimba makinga maji au ukipanda matete kwenye mteremko, umejisaidia wewe na kumsaidia samaki kwa jembe moja.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Ni kama hatua 60 ndefu. Kwa nini tusizipime pamoja, familia na majirani, halafu tukapanda mikuyu na mizambarau pale palipobaki wazi? Mikaratusi inaleta fedha, ni kweli, basi tuipande mbali na maji.

Ndugu zetu wa Mgeta, huko milimani Uluguru, mnaotulisha kabichi na karoti, ninalo ombi moja kwenu. Bomba la kunyunyizia dawa lisioshwe kijitoni. Chota maji kwa ndoo, lisuuze shambani, na yale masuuzo uyanyunyizie humohumo kwenye mazao. Dawa inayoua wadudu wa kabichi haichagui. Mabaki kidogo tu yanatosha kuwamaliza wale wa chini ya mawe, na samaki akalala njaa. Na kufua nguo je? Beseni likiwekwa nyasini, mbali na ukingo, povu halifiki mtoni.

Wewe fundi wa barabara, unapoweka kalavati, lizamishe kidogo chini ya usawa wa kitanda cha kijito. Likining'inia, maji yakawa yanadondoka kutoka mdomoni mwake, samaki hawezi kupanda, na huko juu hatazaliana tena. Nanyi wa kamati za mabanio, kiangazi kikibana, acheni sehemu ya maji ipite; hata kijito chembamba kinachotiririka kinamtosha samaki kuvuka msimu.

Masika hayako mbali. Miche ya mikuyu tukiiotesha sasa itakuwa na nguvu ya kupandwa mvua zikianza Machi. Mkutano wa kijiji ujao, nani atasimama aombe suala la ukingo liingizwe kwenye ajenda? Asimame mama anayechota maji pale kila asubuhi, asimame na kijana anayevua. Jumuiya ya Watumia Maji ikialikwa siku hiyo, kazi ya kupima inaweza kuanza wiki inayofuata.