Mgeni Rasmi, Jiajiri Wewe Kwanza

Kuanzia Septemba, mtihani wa kidato cha nne ukikaribia, shule za sekondari za Lushoto hufanya mahafali. Kila mahafali yana mgeni rasmi, na wageni rasmi wote wana hotuba moja. Atasifu risala ya wanafunzi. Ataahidi mifuko ya saruji. Kisha atakunja uso na kutoa wosia: vijana, zama zimebadilika, msitegemee ajira ya serikali, jiajirini! Wazazi watapiga makofi, kwaya itaimba, na mgeni rasmi atapanda gari la serikali lenye dereva wa serikali na mafuta ya serikali, ateremke zake Mombo.

Naomba makofi hayo yakome.

Mtu mwenye mshahara usiokosa kila mwezi, bima ya afya ya familia nzima na kiinua mgongo kinachomsubiri kwenye mfuko wa PSSSF hana uso wa kumwambia mtoto wa miaka 17 kwamba kutafuta ajira ni fikra za kizamani. Kama kujiajiri ni kutamu kiasi hicho, barua yake ya kuacha kazi iko wapi? Nimewaona watumishi wakihangaika waongezewe mkataba baada ya kustaafu. Sijamwona hata mmoja aliyeomba kuondoka mapema akalime karoti Shume. Wosia ule si ushauri wa kazi. Ni serikali inayojitua mzigo mbele ya wazazi, na wazazi wanashangilia.

Kinachoniudhi zaidi ni mahali unapotolewa. Lushoto ilipokuwa ikiitwa Wilhelmstal, kero ya walowezi wa Kijerumani juu ya Wasambaa ilikuwa kwamba watu hawa wanajiajiri mno. Walikuwa na migomba yao, mahindi yao, maharage yao, mifereji yao ya maji. Kibarua kwenye shamba la Mzungu cha nini? Basi mwaka 1907 utawala ukaleta kadi. Kila mwanamume mzima alitakiwa kumfanyia mlowezi kazi siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliokwisha kupangwa, na aliyekaidi alikamatwa akafanye kazi za umma. Wakaja Waingereza na mpango wao: mradi wa bonde la Mlalo ulioanza mwaka 1946, matuta ya lazima kwenye miteremko, faini kwa asiyechimba. Watu wakagoma, wanawake wakiwa mstari wa mbele, hadi mradi ukafa kabla ya uhuru. Yaani wajukuu wa watu walioadhibiwa kwa kosa la kujiajiri ndio leo wanaketishwa juani kufundishwa kujiajiri.

Na anayedhani kugeuka kwa dunia ya kazi kumeletwa na kompyuta ateremke hapo chini, Mombo na Korogwe. Mkonge uliingizwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ukaleta vibarua walioitwa manamba kutoka pembe zote za nchi, na katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ikiongoza duniani. Kisha zikaja kamba za plastiki. Mkata mkonge hodari wa Korogwe hakuwa mvivu siku bei ilipoanguka. Mkono wake ulikuwa ule ule, panga lile lile.

Sitawadhihaki wazee waliosema "soma mwanangu, upate kazi". Kwa wakati wao walisema kweli. Nchi iliyopata uhuru ikiwa na wasomi wa kuhesabika ilimhitaji kila aliyemaliza kidato cha nne; kazi ndiyo iliyomtafuta mtu. Mambo yaligeuka, na hakuna aliyepita kijiji kwa kijiji kutangaza. Juni 2014 Uhamiaji iliita usaili kwenye Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam: nafasi 70, wakajaa majukwaani zaidi ya vijana 10,000. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilitangaza nafasi 1,596 ikapokea maombi 135,027. Gawanya mwenyewe, ni watu karibu 85 kwa kiti kimoja. Mwaka huo huo walimu waliohitimu na kubaki mtaani wakaamua kuunda umoja wao, NETO, angalau wasikike.

Huna haja ya kwenda Dar kuona. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kiko hapa hapa Lushoto. Kulikuwa na miaka ambayo stashahada ya sheria ilitosha kumkalisha mtu kwenye kiti cha hakimu wa mahakama ya mwanzo. Leo kiti hicho kinataka shahada. Na mahakamani kwenyewe, ambako mwenendo wa kesi uliandikwa kwa mkono, imeanza kuingia programu ya akili unde inayonukuu na kutafsiri. Kijana anaweza kuanza chuo akilenga kazi fulani, akaikuta imehama yeye bado yuko darasani.

Na ada ya chuo ilitoka wapi? Mara nyingi ilitoka kwenye kishamba. Wilaya hii ina watu wengi kuliko ardhi. Shamba la babu liligawanywa kwa wana, likagawanywa tena kwa wajukuu, mpaka mtu anarithi vipande vitatu, kila kimoja kwenye mteremko wake. Baba anauza kimoja, mtoto anasoma. Anarudi na cheti, anajaza maombi kwenye Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, mpaka anachoka, halafu anaambiwa kilimo ni uti wa mgongo, akalime. Alime wapi? Shamba ndilo lililogeuka kuwa cheti.

Hata hivyo halali njaa akisubiri hotuba. Nenda Lukozi jioni, malori ya mboga yanapopakia. Utamkuta kijana ambaye alfajiri ameng'oa karoti za mama yake na kuziosha mtoni, mchana amebeba abiria kwa bodaboda ya mtu na hesabu ya tajiri lazima itimie, na sasa anapandisha mizigo kwenye Fuso kwa malipo ya gunia. Kazi tatu kabla ya chakula cha usiku. Mwulize mtendaji wa kijiji, atakuambia huyo hana kazi.

Ukiwa hapo, tazama gunia la viazi linavyofungwa. Likijaa halifungwi. Mdomo wake unaongezwa kwa wavu au kipande cha gunia jingine, viazi vinapangwa kimoja kimoja kwenda juu, vinabanwa kwa goti, kisha mshonaji anapitisha sindano ndefu na kamba, huku na huku kwa mshazari, mpaka kilemba kinasimama chenyewe. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima amelipwa gunia. Kilemba ni bure. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100 na mazao yauzwe kwa mzani, na kila aliyesimama hapo anaijua sheria hiyo.

Dalali pale sokoni ndiye mtu pekee mwenye kazi iliyopangwa. Simwiti mwizi. Namwita msomi, tena wa somo ambalo shule zetu zimekataa kulifundisha. Anajua bei ya usiku huu kwenye masoko ya Ilala na Mabibo, Dar. Anajua lori lipi lina nafasi. Anajua mkulima gani ana deni la mbolea na hawezi kusubiri hadi kesho, na hapo ndipo penye faida yake yote. Mtoto wa Lukozi aliyezaliwa hatua chache kutoka soko hilo amefundishwa jiografia miaka minne. Kizazi kizima kimekariri mabwawa ya Mto Tennessee huko Marekani, lakini hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia mtoto huyo afuatilie gunia moja kutoka kwa mama yake hadi kwenye meza ya mchuuzi Dar na kuandika nani amekula kiasi gani njiani.

Kupanga kazi ni huko. Kabla hujauliza unataka kuwa nani, uliza nani atakupangia bei ya jasho lako, na utashika wapi akiishusha. Aliyeshika kadi mwaka 1907 alipangiwa na mkoloni. Manamba alipangiwa na soko la Ulaya ambalo hakuwahi kuliona. Wakulima wa chai wa Bumbuli walitii kila walichoambiwa: walipanda, wakapalilia, wakachuma. Mwaka 2013 kiwanda cha Mponde kikafungwa kwa mgogoro, kikakaa kimya miaka na miaka, na jani bichi la chai halisubiri vikao. Lisipofika kiwandani siku hiyo hiyo ni takataka. Hao walikuwa wamejiajiri, tena kwa kufuata ushauri. Sikumsikia mgeni rasmi akienda kuwahutubia.

Yupo mwingine ambaye hatajwi kabisa kwenye hotuba. Binti aliyemaliza darasa la saba, anayechukuliwa na "shangazi" wa mbali kwenda kufanya kazi za ndani Dar au Tanga. Mpango wa kazi yake umekamilika kuliko wa yeyote: mshahara umepangwa, saa zimepangwa, hata siku ya kurudi imepangwa, ila yeye hakuwapo kwenye mazungumzo. Amri ya kima cha chini cha mishahara inawataja watumishi wa majumbani. Nionyesheni shule moja milimani iliyowahi kumsomea binti amri hiyo kabla hajapanda basi, nami nitafuta aya hii.

Nitajibiwa kwamba serikali imeshaona. Kuna sera ya elimu toleo la 2023, kuna mkondo wa amali ulioanza sekondari mwaka 2024, kuna mikopo ya halmashauri, kuna BBT, mpango wa kilimo cha vijana. Amali naiunga mkono, lakini tusijifanye tumeigundua. Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, shule zikapata mashamba, halafu sisi wenyewe tukafanya jambo la ajabu: tukaligeuza jembe kuwa adhabu. Umechelewa namba? Kalime. Umeongea Kiswahili mahali pa Kiingereza? Kalime, hadi pale kwenye mti. Kila msomaji wa ukurasa huu aliyepita shule za nchi hii anajua ninachosema. Tulimfundisha mtoto kwa miaka kumi na moja kwamba kulima ni fungu la mkosaji, sasa tunashangaa anaona haya kurudi shambani. Amali isiyo na karakana wala fundi anayelipwa itaishia kuwa somo jingine la kukariri, na useremala utafanyiwa mtihani wa kuchagua A mpaka D.

Mikopo nayo? Sheria inawatengea vijana asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Aprili 2023 ikasitishwa nchi nzima ili utaratibu urekebishwe, ikarudi mwaka uliofuata. Huenda sababu zilikuwa nzuri. Fedha zilikuwa zikiliwa. Lakini kijana aliyekuwa ameshakodi eneo na kuagiza mbegu alikaa zaidi ya mwaka akisubiri. Mshahara wa nani ofisini ulisitishwa kipindi hicho ili utaratibu urekebishwe? BBT sina haja ya kuisema sana: ilianzia Chinangali, Dodoma, kwenye tambarare ya mashamba makubwa, na mashamba ya huku yananing'inia.

Kijana mwenyewe nimwambie nini, asije akadhani namtetea akae tu? Asiuze kipande cha mwisho, hata kwa ada. Cheti akitafute, akijua ni tiketi ya kuingia kwenye foleni. Awe na ujuzi wa mikono unaolipwa palepale ulipofanyika, iwe kushona, kufunga umeme wa jua au kukarabati pampu, maana fundi hapangiwi bei na mtu aliyeko Ilala. Aandike mapato na matumizi yake kwenye daftari. Na mgeni rasmi akimaliza hotuba anyooshe mkono, kwa adabu zote, amwambie: mheshimiwa, shikamoo, naomba kuuliza kuhusu mzani.

Maana mzani ndio kazi ya serikali, kujiajiri ni yangu. Mboga nyingi za milima hii hushuka kwa barabara moja, Lushoto hadi Mombo kupitia Soni, kilomita 33 za kona. Ushuru wa mazao haulikosi lori hata moja. Wakusanyaji wanahesabu magunia, usiku wa manane, mvua ikinyesha, hadi la mwisho. Macho ya kuona gunia wanayo, ya kuona kilemba hawana. Wakala wa Vipimo wakae nao hapo hapo. Gunia lililozidi lishushwe, na faini ailipe mwenye mzigo, siyo mama aliyeuza. Bei za Ilala na Mabibo zibandikwe Lukozi kila jioni, simu tunazo. Kidato cha tatu wapewe kazi ya kuzikusanya na kuzichorea grafu, na hiyo iwe ndiyo hisabati ya wiki. Hakuna mfadhili anayehitajika hapo, wala semina, wala posho ya kikao. Halmashauri inaweza kuanza Jumatatu. Ikishindwa, diwani asimame kwenye baraza atusomee, gunia kwa gunia, kilemba kinaishia mfukoni mwa nani.