Si Mkojo wa Buibui

Baada ya sala ya Ijumaa hapa Kisesa alitujia mama mmoja akiwa na mwanawe. Shingoni mwa kijana palikuwa na mstari mwekundu kama alama ya kiboko, umejaa malengelenge. "Buibui kamkojolea," alisema. Alikwisha kumpaka dawa ya meno.

Buibui, kiumbe ambaye sura ya 29 ya Qur'ani imebeba jina lake, hasababishi jeraha la namna ile. Sumu yake hukaa katika tezi zilizoungana na meno yake mawili, na humfikia mtu kwa kuumwa. Ni mchanganyiko wa protini zinazovuruga neva za wadudu anaowawinda. Ndiyo maana buibui wa majumbani, takriban wote, hawatudhuru. Wa kuogopwa ni wachache. Jamii ya Latrodectus, iliyomo pia Afrika Mashariki, ina protini iitwayo latrotoksini. Ikifika kwenye ncha za neva, neva humwaga kwa mkupuo akiba yake ya kemikali zinazobeba ujumbe: misuli hukaza, tumbo huuma, jasho humtoka mtu. Haichori mstari wa malengelenge.

Aliyeuchora ni mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi, aitwaye nzi wa Nairobi, ingawa si nzi bali ni mbawakawa. Hustawi penye unyevu, kama majaruba yetu ya mpunga wakati wa mvua, na usiku hufuata taa. Haumi. Mtu anapomponda juu ya ngozi ndipo hutoka pederini, sumu inayozizuia seli zisitengeneze protini. La ajabu ni kwamba sumu hiyo hutengenezwa na bakteria waishio mwilini mwake. Ngozi huanza kubabuka kesho yake, mdudu amekwisha kusahaulika, na buibui yupo palepale pembeni mwa dari, tayari kusingiziwa.

Akitua mwilini, apulizwe, asipigwe. Akipondwa kwa bahati mbaya, ngozi ioshwe mara moja kwa sabuni na maji, na mtoto asiguse macho, kwani sumu hiyo jichoni huleta uvimbe na maumivu makali. Dawa ya meno iachwe. Jicho likivimba, au lengelenge likitunga usaha, aende zahanati.

Kijana, ambaye kila usiku hudurusu juzuu yake chini ya taa ya barazani, alituuliza sasa asomee wapi. Ndani ya chandarua, tulimjibu.