Sikio la Pili



Zipo kazi ambazo, zikitendwa vyema, hakuna ajuaye kwamba zimetendwa. Chumvi katika mchuzi hutajwa pale tu ilipokosekana au ilipozidi. Juma hili ukurasa wetu wa familia unaizungumzia kazi moja ya namna hiyo, nayo ni kazi ya mtu anayeketi kuisikiliza hadithi iliyosomwa na mwenziwe, si kwa kujistarehesha, bali kwa kuihakiki kabla haijawafikia watu.

Mwezi wa Agosti mwaka 2005, Hugh McGuire wa mji wa Montreal, nchini Kanada, aliwaalika watu wa kawaida wajitolee kusoma vitabu vya zamani kwa sauti, ili yeyote atakaye avisikilize bila malipo kwa njia ya intaneti. Mradi huo ukapewa jina la LibriVox. Kitabu cha kwanza kilikuwa riwaya ya Joseph Conrad, The Secret Agent, nayo ikagawanywa sura kwa sura baina ya wasomaji kadhaa. Tangu siku hizo maelfu ya vitabu vimekwisha kusomwa, kwa lugha nyingi, na watu wasiolipwa hata senti moja. Miongoni mwa matunda ya kazi hiyo ni mikusanyiko ya hadithi fupi, ambayo kila msomaji huileta hadithi aliyoichagua mwenyewe, akairekodi nyumbani kwake.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini hadithi za zamani, na si za leo? Jawabu ni haki ya mwenye mali. Kitabu ni milki ya aliyekitunga, na sheria humlinda yeye na warithi wake kwa muda maalumu. Muda huo ukisha, kitabu huwa mali ya umma. LibriVox hufuata sheria ya Marekani, na kwa kawaida huchukua maandishi yaliyochapishwa zaidi ya miaka 95 iliyopita. Hata tafsiri huchunguzwa peke yake, kwani mwandishi aweza kuwa amekufa zamani na haki ya mfasiri bado ikawa hai. Nao wanaojitolea huziachia rekodi zao ziwe mali ya umma vilevile. Aliyekesha akisoma hadithi hawezi kurudi kesho kudai ujira, wala kumzuia mwingine asiitumie. Kwa hiyo haingii katika kazi hii ila aliyekwisha kuridhika kutoa.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Msomaji mgeni huombwa kwanza arekodi dakika moja tu. Dakika hiyo si mtihani wa uzuri wa sauti, bali ni ya kukagua vyombo: je, maikrofoni inakamata sauti sawasawa? Je, feni inavuma nyuma yake? Rekodi hutakiwa iwe na ukubwa wa sauti wa takriban desibeli 89, ili msikilizaji asilazimike kupandisha na kushusha sauti kila sura inapobadilika. Mwanzoni huachwa kimya cha nusu sekunde au sekunde moja, na mwishoni kimya cha sekunde tano. Vyombo vikiwa sawa, mtu yeyote anakaribishwa, awe na sauti nyororo au ya kukwaruza.

Hapo ndipo linapohitajika sikio la pili. Msomaji hawezi kulisikia kosa lake kwa urahisi, kwa sababu jicho hulisaidia sikio kudanganyika. Aliyekwisha kuyaona maneno kwenye ukurasa huamini ameyatamka yote, hata kama ameruka mstari mzima. Akijisikiliza, akili yake humkamilishia pengo. Ndiyo sababu kila rekodi hukabidhiwa mtu mwingine, ambaye huisikiliza tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Hutafuta sentensi zilizosomwa mara mbili, maneno yaliyoachwa, kimya kirefu kisicho na sababu, mlango uliobamizwa, kikohozi kilichosahauliwa. Kwa kawaida hufuatilia makosa ya dhahiri tu. Lakini msomaji akiomba ahakikiwe neno kwa neno, mhakiki hufungua maandishi na kuyalinganisha na sauti.

Mtu aweza kudhani kuwa neno moja haliharibu kitu. Na tuchukue mfano wa hadithi fupi ya Leo Tolstoy, aliyoiandika mwaka 1886, ihusuyo mkulima mwenye uchu wa ardhi. Mkulima huyo alifika kwa Wabashkiri, nao wakamwambia kwamba kwa rubo elfu moja atapewa ardhi yote atakayoizunguka kwa miguu katika siku moja, kwa sharti awe amerejea alipoanzia kabla jua halijatua. Akaenda mbali mno kwa tamaa. Jioni akakimbia kurudi huku pumzi zikimwishia, akafika, na papo hapo akaanguka akafa. Ardhi iliyomtosha ikawa ile ya kaburi lake. Sasa fikiri, msomaji, hadithi hiyo inasomwa kwa Kiswahili, na msomaji ameiruka sentensi moja tu, ile ya sharti. Mkulima atakimbia, nasi hatutajua anakimbilia nini. Au sentensi imesomwa, lakini pahala pa kusema jua litakapokuchwa, ulimi umeteleza ukasema litakapokucha. Kuchwa ni magharibi na kucha ni alfajiri. Sauti moja ndogo imempa mkulima usiku kucha wa kupumzika, na mauti yake yamekuwa kitendawili. Mzee aliyefikwa na upofu, asiyeweza kuurejea ukurasa, atabaki na hadithi iliyovunjika na hatajua nani aliyeivunja.

Basi mhakiki akiligundua kosa hufanyaje? Hili ndilo lililonivutia zaidi katika habari yote hii. Huandika dakika na sekunde ya kosa, neno lililosomwa, na neno lililomo kitabuni. Na hukomea hapo. Hasemi kwamba msomaji anasoma kwa haraka, wala kwamba sauti yake inachosha, wala kwamba matamshi yake ni ya kigeni. Utaratibu wao ni kwamba lafudhi zote zinakaribishwa, na namna ya kusoma haijadiliwi ila mwenyewe msomaji akiomba ushauri. Msomaji naye hurekodi upya kile kipande kilichotajwa, akakipachika mahali pake, akakileta kisikilizwe tena.

Mtu mwenye haraka aweza kuuona utaratibu huo kuwa ni ulegevu. Mimi nauona kuwa ni elimu ya kuwajua watu. Mwenye kuambiwa dakika ya tatu na sekunde ya kumi ana jambo la kutengeneza, atalitengeneza. Mwenye kuambiwa hujui kusoma hana la kutengeneza isipokuwa kufunga kinywa. Na kazi ya kujitolea haina mshahara wa kumrudisha aliyevunjwa moyo.

Hata hivyo, mpaka baina ya lafudhi na kosa si mstari ulionyooka, na kwa lugha yetu jambo hili lina uzito wake. Wako wanaotamka dhahabu kama zahabu, na ghali kama gali. Tunaelewa wanachokisema; hiyo ni lafudhi, na mhakiki aiache. Lakini wako pia ambao ulimi wao huiacha herufi ya ha mwanzoni mwa neno. Kwao, hatakwenda huwa atakwenda. Hapo lafudhi imegeuza maana, na aliyekataa katika hadithi amekuwa aliyekubali. Je, mhakiki anyamaze kwa adabu, au aseme kwa amana? Nionavyo mimi, kipimo ni maana. Panapobaki maana, sauti ni ya mwenyewe na haimhusu mwingine. Panapopotea maana, msikilizaji amedhulumiwa, na kunyamaza si adabu tena. Lakini hata hapo asiguse lafudhi nzima. Aandike dakika, sekunde na neno, akomee hapo.

Kipimo hicho kinatufaa majumbani mwetu. Kila aliyepita chuoni anakumbuka kukaa mbele ya mwalimu akasoma, na mwalimu akasikiliza bila kukatisha mpaka lilipotokea kosa. Mwalimu mwema alirudisha neno moja, mwanafunzi akaendelea. Lakini nyumbani, mtoto anapotusomea kitabu chake, mara ngapi tunamkatiza kila mstari? Mara tunamwambia paza sauti, mara usiburure maneno, mara mbona dada yako alikuwa akisoma vizuri kuliko wewe. Mtoto yule hujifunza kwamba kusoma mbele ya wazazi ni kujitia hatarini, na baada ya miezi michache husema ana kazi nyingine. Tumesahihisha kila kitu isipokuwa kosa lenyewe.

Nasi hatuna uhaba wa hadithi. Mwaka 1870 kilichapishwa mjini London kitabu cha Swahili Tales, kilichokusanywa na mmishenari Edward Steere kutokana na masimulizi ya watu wa Unguja. Upande mmoja wa kitabu ni Kiswahili, upande wa pili ni Kiingereza. Humo mna kisa cha Sultani Darai, chenye paa aliyemtoa maskini mmoja katika ufukara akamfikisha kwenye jumba la kifalme, kisha akaugua na kudharauliwa na yule yule aliyemtendea wema. Maneno yalitoka vinywani mwa wazee wetu, na umri wa kitabu umekwisha kukitoa katika milki ya mtu. Kinachohitajika ni sauti ya kuyarudisha masikioni.

Lakini sauti peke yake haitoshi. Msomaji wa Kiingereza akimaliza hadithi yake, wahakiki wa lugha hiyo ni wengi. Rekodi ya Kiswahili haiwezi kuhakikiwa na asiyekijua Kiswahili, na Kiswahili cha Unguja cha karne ya 19 kina maneno ambayo vijana wetu hawajapata kuyasikia. Hapo ndipo nyumba ya vizazi vitatu inapokuwa na utajiri usionunulika. Kijana ana simu na ujuzi wa kurekodi. Mama au baba ana macho ya kufuata maandishi. Bibi, ambaye pengine hasomi tena herufi ndogo, ana sikio linalojua neno limetamkwa sivyo hata kabla sentensi haijakwisha. Kila mmoja anamhitaji mwenziwe, na hakuna aliye mzigo.

Anayetaka kujaribu aanze na hadithi moja fupi. Kwanza ahakikishe maandishi hayana mwenye haki aliye hai au warithi wanaolindwa na sheria, ya hapa nchini na ya kule rekodi itakakowekwa. Achague saa ya utulivu, usiku watoto wadogo wakiwa wamelala, na azime feni. Asome pole pole, na akikosea asikasirike. Anyamaze kidogo, arudie sentensi tangu mwanzo, kosa ataliondoa baadaye. Kisha ampe mwingine asikilize akiwa na karatasi na kalamu, yeye mwenyewe asiwepo chumbani. Karatasi ikirudi na makosa saba, asiione kuwa ni hukumu. Mtu ametoa wakati wake kumsikiliza neno kwa neno, jambo ambalo wengi wetu hatujapata kufanyiwa tangu tulipotoka chuoni.

Na akina bibi na babu waulizwe mapema. Kitabu cha 1870 kitakuwapo mwakani, na vifaa vya kurekodi vitakuwa bora zaidi. Masikio yanayolijua kila neno lililomo humo hayatatungoja.