Tripu siyo kipimo: kifusi nacho kina kangomba yake

Ndugu mkulima, huku kwetu kusini hakuna asiyeijua kangomba. Mnunuzi anakuja shambani na chombo chake, anakiita kilo, kumbe kinameza zaidi ya kilo. Tunaipigia kelele, na tuko sahihi, kwa sababu mwenye kipimo ndiye mwenye bei. Ajabu ni kwamba mkulima huyo huyo, akishalipwa hela za korosho zilizopimwa kwa mzani, anaenda kununua kifusi cha njia ya nyumbani kwa "tripu". Tripu ya lori gani? Haulizi. Maoni yangu ni haya: kununua kifusi kwa tripu bila kupima ni kangomba ya kujitakia.

Utaniuliza, bwana shamba na kifusi wapi na wapi? Jamani, Msimbati ni mchanga. Korosho tunaokota kuanzia Oktoba, na huo ndio wakati mchanga ni mkavu na umelegea kuliko miezi yote. Kirikuu ikiacha barabara kuingia kwako inazama. Mzigo unasubiri uani, mvua za Desemba zinaukuta pale pale, korosho zikilowa daraja linashuka. Kwa hiyo njia ya kuingilia kwako ni sehemu ya shamba, kama palizi.

Sasa tupige hesabu. Pima urefu, upana na unene wa njia, vyote kwa mita, kisha zidisha. Mfano: kutoka barabarani hadi uani ni mita 60. Upana wa mita 3 unatosha gari moja. Unene baada ya kushindilia uwe sentimita 15, yaani mita 0.15. Basi 60 × 3 × 0.15 = 27. Hizo ni mita za ujazo 27 za kifusi kilichoshindiliwa.

Lakini kifusi cha kwenye lori kimelegea, na ukikishindilia kinapungua. Ongeza kama asilimia 30: 27 × 1.3 ni mita za ujazo 35 na ushee. Asiyeongeza hapa ndiye anayebaki na mita za mwisho zikiwa mchanga mtupu, na lori limeshaondoka.

Ukishajua mahitaji yako, pima lori. Chukua futi kamba, pima ndani ya bodi. Lori moja lina urefu wa mita 4, upana mita 2 na kina mita 0.75: hizo ni mita za ujazo 6. Lingine lina urefu na upana ule ule, ila kina ni mita 0.6: hizo ni 4.8. Yote mawili yanaitwa tripu moja! Kwa njia yetu, la kwanza litakuja mara 6, la pili mara 8.

Tuseme la kwanza wanataka shilingi 150,000 kwa tripu, na la pili 130,000. Kwa kusikia tu, la pili ni nafuu. Zidisha uone: la kwanza ni 900,000, la pili ni 1,040,000. Laki moja na elfu arobaini imekwenda kwa sababu ya kutopima kina cha bodi.

Sisemi wenye malori ni wezi. Mafuta ni ghali, na kifusi kizuri hakipatikani juu ya mchanga wetu, kinafuatwa mbali. Ila mwaminifu hachukii futi kamba. Mwambie mapema kwamba unalipa kwa mita za ujazo, na kwamba mzigo usawazishwe hadi ukingo wa bodi. Kilima cha katikati kisikudanganye wakati pembeni kuna mabonde.

Wengine watasema hela haitoshi, tutandaze kidogo kidogo ifike mwisho. Hapo napinga kabisa. Tabaka jembamba juu ya mchanga linavunjika na kuzama, na hela inazama nalo. Kama huna uwezo wa mita 60, tengeneza 30 zile mbaya zaidi mwaka huu, kwa unene kamili. Zilizobaki zingoje msimu ujao.

Kabla ya kumwaga, ondoa mizizi na takataka, mwagia mchanga maji na ushindilie. Makumbi na makuti yanasaidia gari lililokwama leo, lakini usiyafukie chini ya kifusi, yataoza na njia itatitia. Ukishindilia kwa mkono, weka tabaka mbili. Katikati pawe juu kidogo, maji yakimbilie pembeni.

Na tusikate njia ya mkato kwa kuchota mchanga ufukweni au kubeba matumbawe. Tunaishi ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, na samaki tunaowala wanategemea matumbawe hayo.

Kwenye korosho tulijifunza kusema "weka kwenye mzani". Kwenye kifusi tuseme "pima bodi kwanza". Futi kamba ni hela ndogo sana ukilinganisha na tripu moja ya bure.